Firigisi ya Mzee Kambere

Mathe alikufa na kipande cha mkate mkononi. Mkate ulikuwa bado mwekundu kwa mchuzi, na vidole vilikuwa vimeung'ang'ania kama vidole vya mtu anayezama vinavyong'ang'ania jani.

Inspekta Omer Ilunga alipiga goti kando ya maiti, kati ya meza na ukuta. Povu mdomoni. Jasho halijakauka kwenye paji la uso. Macho yalikuwa wazi, na mboni zimesinyaa zikawa kama ncha za sindano. Kiti kilikuwa kimelala chali. Juu ya meza yenye kitambaa cha miraba, bakuli kubwa la udongo lilikuwa tupu, limefutwa likang'aa.

Nje, mtaa wa Vungi ulinguruma.

"Mutupe mulozi! Mutoe ule mama!"

Brigedia Kahongya, askari wake wa pekee pale, alikuwa ameuegemea mlango kwa mgongo wake wote. Alichungulia ufa wa mbao, akageuka.

"Inspecteur, beko na tairi. Na bidon ya petroli. Nilifikiri banaiuza, mais naona ni ya bure."

"Uani je?"

"Na uani bameshazunguka ukuta."

Ilunga alikuwa ameshapiga simu Beni kuomba nguvu. Kamanda wa huko alimjibu kwamba lori la askari lingeondoka pamoja na msafara, na msafara ungeondoka njia ikiwa salama. Njia ya Beni! Kungoja iwe salama ni kungoja jiwe liote majani. Akakata simu. Alichobaki nacho ni bunduki moja, mlango mmoja wa mbao, na mwanamke mmoja jikoni ambaye Ilunga hakujua bado kama ni muuaji. Akilipata jibu kabla mlango haujavunjika, pengine mwanamke huyo angeiona kesho. Asipolipata, angechomwa mbele ya macho yake.

Mahali hapo paliitwa Trattoria Agar. Agar Kavugho alikuwa amepika miaka mingi Roma, katika mgahawa mdogo wa mtaani ambako mteja hachagui. Anakula kile ambacho siku inataka. Alhamisi vitonge vya viazi. Ijumaa samaki. Jumamosi matumbo ya ng'ombe kwa nyanya na jibini. Jumapili kuku aliyepikwa na pilipili tamu. Aliporudi Butembo alifungua wake, akatumia jibini ya Masisi badala ya ile ya kondoo, na watu wakaja, kwanza kucheka, baadaye kula. Walimpa jina la Mama Roma. Walimpenda.

Leo walitaka kumchoma.

Neno lilikuwa limetoka na mteja wa kwanza aliyekimbia: karuho. Katika Kivu neno hilo halihitaji ushahidi. Ni sumu ya chuki, ile inayosemwa hufichwa chini ya ukucha wa anayekukaribisha, na aliyetajwa nayo hana wakili.

Daktari Simone, kutoka zahanati ya jirani, alikuwa wa mwisho kupenya uani kabla hapajafungwa na watu. Aliinua kope za marehemu, akamnusa mdomo, akasimama.

"Haiko karuho," alisema. "Ni dawa ya panya. Ile ya punje nyeusi inayopitia mpakani, Kasindi. Inauzwa sokoni kwa kijiko kama chumvi."

"Inaua kwa muda gani?"

"Upesi. Aliila hapa hapa, mezani."

"Una hakika?"

"Maabara itakuambia vizuri kuliko mimi. Mais sikia huo mulango, Inspecteur. Hauna wakati wa maabara."

Ilunga alivuka ua mdogo uliotenganisha ukumbi na jiko. Mvua ilikuwa imenyesha mchana na matope yalikuwa bado laini. Juu ya ukuta wa ua vilionekana vichwa. Jiwe likapita karibu na sikio lake, likaangukia pipa la maji.

Agar alikuwa ameketi juu ya gunia la viazi, aproni bado kiunoni. Hakulia. Aliitazama mikono yake.

"Mama Agar, ulipika nini?"

"Kuku na poivron. Leo ni Jumapili."

"Nani aliingia jikoni?"

"Hakuna mutu. Jiko yangu hapana mutu anaingia, hata padri."

"Nani alionja?"

"Miye. Kila meza, kila siku. Unajua batu ba huku, Inspecteur. Chakula ya Bulaya, bataogopa. Naenda kwa meza, nachota kijiko mu bakuli mbele yao, nakula. Naambia: mukiona nimeanguka, mwende kwenu. Banacheka, banakula."

"Na leo?"

"Na leo. Nilionja. Niko hapa."

"Bia?"

"Nilifungua chupa mbele ya macho yao. Hapana nitafungua chupa ya mutu mu giza, nilizaliwa Butembo, si Roma."

"Na bakuli? Wanasema huko nje uliliosha upesi."

Agar akainua kichwa. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda.

"Nani aliosha? Hiyo ni mukate! Kule Roma mutu akimaliza anafuta mchuzi na mukate mpaka sahani inang'aa. Ndiyo kusema wasingya, asante, kwa mupishi. Nimebafundisha. Leo bote banne balifuta bakuli moja."

Ilunga alihesabu kichwani. Wanne walichovya mkate katika mchuzi ule ule. Watatu walikuwa hai. Mpishi aliyeonja alikuwa hai. Basi sumu haikuwa katika mchuzi. Ilikuwa wapi?

"Njoo nami," alimwambia.

"Nje?"

"Ukumbini. Nje hauendi."

Waliokula na Mathe meza moja walikuwa kando ya ukuta, mbali na maiti, kama watu wanaongoja basi lisilokuja. Mzee Kambere, kaka wa marehemu na kichwa cha ukoo wote, koti la kanisani, mikono juu ya magoti. Myriam, binti wa marehemu, kitambaa cha kilio bado kichwani. Na Luc, kaka yake Myriam, kijana mrefu aliyesimama peke yake akiutazama ukuta.

"Mzee, mlikuja kula kwa sababu gani?"

"Kutoa matanga," alisema Kambere. "Bibi ya Mathe, Virginie, mama ya hawa batoto, alikufa kule Eringeti. Leo tulimaliza kilio. Nyumba yangu imejaa bakimbizi, hakuna pahali ya kukaa. Nikasema tuje kwa Mama Roma, tukae na heshima."

"Mlikula nini?"

"Kitu moja. Bote."

"Myriam?"

"Kitu moja, Afande. Papa alikula kama siye."

"Luc?"

"Kama bengine."

"Niangalie ukijibu."

Kijana aligeuka. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu, kama macho ya mtu aliyepuliza moto wa kuni mbichi.

"Nimesema, kama bengine."

Kishindo. Mlango ulitikisika juu ya bawaba zake. Kahongya alitukana kwa Kinande, kisha akajisahihisha kwa Kifaransa, kwa sababu ya daktari.

Ilunga aliirudia meza. Aliziangalia sahani nne moja baada ya nyingine. Mifupa ya paja. Mifupa ya bawa. Shingo. Na ukingoni mwa sahani ya Mathe, kimewekwa kando kwa adabu, kijiti cha meno. Kilikuwa kimevunjika katikati na kulowa mchuzi mpaka ndani ya ufa wake.

"Mama Agar, vijiti hivi unaviweka wapi?"

"Mu glasi, kwa mulango ya jiko. Ni vya kufunga nyama ya kukunja. Kuku haina kazi na kijiti."

Kuku haina kazi na kijiti. Ilunga alihesabu tena mifupa kwa macho. Aliwaza Jumapili za kwao Lubumbashi, baba yake mbele ya sufuria, na watoto wote wakikitazama kipande kimoja ambacho hakuna aliyethubutu kukiomba.

"Firigisi iko wapi?"

Wote walimgeukia. Hata Kahongya mlangoni aligeuza shingo.

"Nimeuliza. Kuku mzima aliletwa hapa. Firigisi ilikwenda kinywani mwa nani?"

"Mais, Inspecteur," alisema Kambere taratibu, "firigisi haiko chakula. Firigisi ni heshima."

Ndiyo maana wote waliapa kwamba walikula kitu kimoja. Hawakudanganya. Nani anahesabu heshima pamoja na vipande?

"Roma firigisi banachoma na maini, hakuna mutu anaiuliza," alisema Agar. "Hapa, mwezi wa kwanza, mutu moja alitaka kupindua meza. Alisema nimemukulia firigisi yake mu jiko. Tangu ile siku naiweka juu, katikati, mwenyewe aione."

"Na mwenyewe leo alikuwa nani?"

"Nani mwengine? Mzee Kambere. Ni yee mukubwa."

"Mzee, uliila?"

Kambere alitikisa kichwa. Ilikuwa kama shingo imekuwa nzito ghafla.

"Hapana. Nilimupa ndugu yangu."

"Kwa nini? Umewahi kumpa mtu?"

"Haijafika hata siku moja. Mais leo mukubwa haikuwa miye. Leo mukubwa ni mwenye kilio. Nikainua firigisi na mukono yangu, nikaiweka mu sahani ya Mathe. Alikataa. Nikamwambia, kula, mudogo wangu."

"Na akaila?"

Myriam akajibu, sauti ikitoka kwa shida. "Aliila upesi. Juu ya Luc, ni yee sababu."

"Juu ya Luc? Kwa namna gani?"

Myriam alimtazama kaka yake, akasita. Agar ndiye aliyemalizia, kwa ile hasira ya mpishi aliyeona tabia mbaya katika meza yake.

"Huyu kijana hana adabu, Inspecteur. Alinyoosha mukono mu sahani ya baba yake! Papa, unipe miye firigisi, unipe miye! Bote bakacheka. Mzee akamwambia, zaa kwanza! Masikini baba yake alishikwa na haya. Akaitupa yote mu kinywa."

Kelele za nje zilisikika kama za mji mwingine.

Ilunga alitembea polepole mpaka mbele ya Luc. Hakumgusa.

"Mama Agar, bakuli ulilileta wewe mwenyewe mpaka mezani?"

"Kila siku ni miye. Leo..." Agar aliziba mdomo kwa aproni. "Leo mvua ilikuwa inanyesha. Luc alikuja kwa mulango ya jiko. Aliniambia, Mama, ni nzito, utateleza, nitakubebea."

"Akalivusha uani peke yake."

"Peke yake."

"Kahongya! Mifuko yake."

Daktari Simone alichukua nafasi ya Kahongya mlangoni. Aliuegemea kwa bega kama mwanamume. Kahongya aligeuza mifuko ya Luc nje. Leso. Rozari. Kiwembe kilichofungwa katika karatasi. Na katika mshono wa mfuko wa kushoto, punje nyeusi, chache, kama kinyesi cha panya mwenyewe.

"Ulipasua firigisi," alisema Ilunga. "Ukajaza. Ukafunga kwa kijiti kimoja cha Mama Agar ili isimwagike. Nani ulimkusudia?"

"Unajua."

"Sema wewe."

"Papa mukubwa." Luc hakumtazama Kambere. "Hata batoto banajua firigisi ni ya nani."

Kambere hakusogea.

"Alikukosea nini?"

"Alinikosea nini?" Luc alicheka, kicheko kifupi kilichokatika. "Kakao ya Eringeti ilikuwa inaiva. Alisema mu baraza ya jamaa: waasi banaua banaume kule, mais banamuke banapita. Akatuma mama yangu na bengine. Mama alienda na kitunga ya kuvunia kichwani. Alirudi mu sanduku, Inspecteur, na lile sanduku balitukataza kufungua. Papa alifanya nini? Alilia. Alilia na akakubali, juu mukubwa amesema. Na juma ile ingine, matanga haijaisha, akamwambia Myriam: tayarisha kitunga, Jumatatu utaenda."

"Myriam, ni kweli?"

Msichana akainamisha kichwa. "Nilishatayarisha."

"Ungeenda kwa polisi," alisema Ilunga, na aliposema tu alijionea haya. Polisi ipi? Ile inayongoja msafara?

Luc alilifukuza hilo kwa mkono. "Nilifikiri hivi," alisema. "Mukubwa akikufa, mukubwa anakuwa Papa. Na Papa ni mupole. Hatatuma mutu. Ni kifo moja tu, nikasema, halafu kitunga itabaki ukutani."

"Na alipoipokea baba yako?"

Kijana aliinua mkono wake wa kulia, ule alioutia katika sahani, akautazama kama wa mtu mwingine.

"Niliomba. Uliwasikia: niliomba. Balicheka."

"Ulikuwa na kinywa, Luc. Neno moja tu. Sumu."

"Lilikuwa hapa." Alijigusa koo. "Lilifika hapa. Kama nalisema, Papa angejua mutoto wake ni nani. Nikafikiri ni chungu, ataitema. Mais Papa angetema namna gani kitu amepewa na mukubwa? Alitafuna. Alitoa kijiti na ulimi, akakiweka kando, polepole, asiaibishe mupishi. Akaniangalia. Akaniambia, mutoto wangu, usinifezeheshe tena mbele ya batu."

Alianguka karibu na miguu ya baba yake, na sauti iliyomtoka haikuwa ya kilio. Ilikuwa ya ng'ombe aliyechinjwa vibaya. Myriam alijitupa juu yake. Hakuna aliyejua kama anampiga au anamkumbatia.

Ubao mmoja wa mlango ukapasuka. Mkono ukaingia, ukipapasa komeo. Daktari Simone aliupiga kwa kiatu chake, ukatoka.

"Inspecteur!" alipiga kelele Kahongya. "Sasa tunajua. Tubaambie!"

"Tuwaambie nini? Kwamba si Agar, ni huyu? Watageuza tairi, basi. Shingo tu itabadilika."

Ilunga aliwatazama mmoja mmoja. Kazi ya upelelezi ilikuwa imekwisha, ushahidi ulikuwa mkononi, na hakuwa na njia ya kumtoa mtu yeyote hai katika nyumba ile. Alitamani kulia mwenyewe.

Luc aliinua uso kutoka sakafuni.

"Papa mukubwa," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa mzee huyo. "Kesho, Myriam ataenda?"

Kambere aliutazama mwili wa ndugu yake.

"Hakuna mutu ataenda. Nilishaamua. Kakao ioze. Nilikuwa nitawaambia leo, tukimaliza chakula." Alimtazama Luc. "Ile firigisi, mutoto wangu, ndiyo ilikuwa mwanzo ya kusema. Mukubwa haombi msamaha kwa mudomo. Nilianza na mukono."

Mzee alisimama. Alikwenda mpaka kichwani mwa meza, akakiinua kiti alichokuwa amekalia wakati wa chakula, kiti cha mkubwa, akakibeba kifuani mpaka mlangoni.

"Fungua."

"Mzee, watakuua," alisema Ilunga.

"Fungua, nimesema. Niko na kilio, na kilio tunakaa nje."

Ilunga alimwangalia, kisha akavuta komeo.

Kelele ziliwapiga usoni kama moshi. Vijana wa mbele walikuwa tayari wameinua mikono. Walipoona ni Kambere, mikono ikasita. Mzee alikitua kiti katika matope, katikati ya mlango. Akavua kofia. Akavua na viatu. Akaketi, kama mwanamume wa Butembo anavyoketi nje ya nyumba yenye maiti.

"Mathe amekufa," alisema. Hakupaza sauti. Waliokuwa nyuma walilazimika kunyamaza ili wasikie. "Karuho haikutoka mu jiko ya huyu mama. Ilitoka mu nyumba yangu. Ilikuwa yangu, na ndugu yangu ameila pahali yangu. Mwenye kulia naye, aikale hapa chini. Mwenye kuchoma, aanze na miye, niko hapa."

Mtu mmoja nyuma alipiga kelele: "Ni nani basi? Mutaje!"

"Nimeshamutaja. Ni nyumba yangu."

Bikizee mmoja alijipenyeza mbele. Alimtazama Kambere miguu mitupu, akavua kitambaa kichwani, akaketi matopeni kando ya kiti na kuanza kuimba kwa sauti ya chini wimbo wa Kinande wa kuwalilia waliokufa. Akaketi mwingine. Akaketi mwanamume mwenye panga, panga akiliweka chini ya paja kama mtu anayeficha aibu. Kijana wa dumu la petroli alibaki amesimama peke yake, akitazama huku na huku, hajui auweke wapi mzigo wake. Mwishowe aliuweka chini, akaukalia.

Ilunga alimtoa Luc wakati huo, pingu mikononi, Kahongya nyuma na bunduki ikitazama chini. Gari lilikuwa upande wa pili wa barabara. Iliwabidi kupita katikati ya watu wote wale, wakiruka miguu na magoti. Nyuso ziliinuka kumfuata kijana. Waliziona pingu. Waliuona uso, na ulifanana sana na wa marehemu. Walielewa.

Ilunga alisikia pumzi zikikazwa kila upande. Aliona kiganja kikirudi taratibu chini ya paja, kwenye mpini wa panga. Lakini katika nchi hiyo aliyeketi kwenye kilio hainuki kabla mwenye kilio hajainuka, na wote, hata yule wa panga, waligeuza macho kwa mzee kuona atafanya nini.

Injini ilikataa, ikakohoa, ikakubali. Luc alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kioo.

Kambere hakuinuka.